Mimi ni fundi wa nguo za watoto, sasa mmejua

Najua nimepotea, na najua wengine mmeshaanza kusema nimeacha chuo nimekwenda Urambo kulima tumbaku. Sijaacha. Nipo hapahapa Tabora, mwaka wa pili, Historia na Kiswahili. Joto ni lilelile na maembe yameanza kudondoka kwenye bati. Kila likidondoka moja usiku, mshikaji wangu wa chumbani anaruka kitandani utafikiri kapigwa shoti.

Kilichonipoteza ni kazi. Leo nimeona bora niiseme mwenyewe, maana wiki mbili zilizopita mmoja wenu kanikuta stendi nimebeba begi la shangazi kaja, zipu ikaachia, na gauni sita za watoto zikamwagika chini mbele za watu. Alinisaidia kuokota, namshukuru. Ila kesho yake nikasikia kampasi nzima kwamba nina mtoto. Jioni wakawa mapacha. Ijumaa dada mmoja wa darasani kanisimamisha nje ya maktaba, kanipa pole, kaniambia nisikate tamaa na masomo.

Jamani, sina mtoto. Ni biashara. Nashona nguo za watoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka saba hivi: gauni, shimizi, kaptula, vishati vya kitenge, na sikukuu zikikaribia nashona sare za familia, wale wanaotaka watoto wote wa ukoo watoke kama timu ya mpira. Nilianza mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Mkopo ulifika lakini haukutosha ada yote, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpigia simu. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine ya kifahari.

Mtaniuliza kwa nini watoto na si watu wazima. Mtu mzima anakuja na picha kwenye simu, anataka awe kama yule wa kwenye picha, na fundi ndiye anayelaumiwa kwa tumbo lake. Mtoto anataka nguo yenye mfuko, basi. Halafu kitambaa ni kidogo, yadi moja na robo unatoa gauni la mtoto wa miaka minne, na vipande vinavyobaki unatoa kofia au kibegi. Halafu tena mtoto anakua. Gauni la mwaka jana halimwingii, mama yake anarudi.

Shida ni mitumba. Mtu anaingia sokoni siku belo limefunguliwa, anachagua kigauni kizuri tu kwa shilingi elfu moja, mimi nakuja kumwambia elfu kumi na tatu. Ananiangalia kama mwizi. Mnakumbuka mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuyaondoa mitumba ifikapo 2019? Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, karibu zote zikarudi nyuma, Rwanda ndiyo ikakomaa na mwaka 2018 ikasimamishwa kweli. Sasa mimi fundi wa chumba kimoja nitashindana na nini? Sishindani. Namsubiri mteja anayetaka watoto watatu wafanane, maana mtumba haufanani hata na wenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu baba, maana habari yote iko pale.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza la duka moja huku Ng'ambo zaidi ya miaka thelathini, cherehani ya miguu, mkasi mmoja, pasi ya mkaa. Sisi wanne tumesomeshwa na lile baraza. Daftari zangu za shule ya msingi zilikuwa na majivu ya pasi. Halafu macho yakaanza. Moja mtoto wa jicho, jingine presha ya macho, na hilo la presha ndilo lililokuwa likiona vizuri. Leo anajua kama ni mchana au usiku, anajua mlango uko wazi au umefungwa, zaidi ya hapo hapana. Mwaka ule alioshona mkono wa shati nyuma mbele, aliirudisha cherehani nyumbani akaifunika khanga, akasema haigusi mtu.

Na hasa mimi. Nilipofaulu kidato cha sita alinikalisha barazani akaniambia, "Nimeikanyaga ile ili wewe usiikanyage. Umesikia?" Nikasema naam, baba. Kwake yeye mwalimu ni mtu wa chaki na shati jeupe. Fundi ni mtu anayesubiri. Anasubiri mteja alete kitambaa, anasubiri mteja aje kuchukua, anasubiri alipwe.

Kwa hiyo ufundi sikujifunza kwa baba. Nilijifunza kwa shangazi yangu wa Isevya, mdogo wake, ambaye ana cherehani ya mkono na mdomo usiochoka. Nilikuwa namaliza vipindi natembea mpaka kwake, nyumbani nasema niko maktaba. Mwezi mzima wa kwanza nilikuwa nashona mistari ya kalamu kwenye karatasi, bila uzi, mpaka sindano ifuate mstari. Kisha pindo. Kisha kukata. Shangazi hana subira na mtu anayekata vibaya. "Uzi unafumuliwa, mkasi haufumuliwi," aliniambia, na alinipiga na futi ya mbao vidoleni kama mtoto. Teh teh. Mwanachuo mzima.

Basi Ramadhani iliyopita, zikiwa zimebaki siku sita kufika Idi, mama mmoja mteja wa shangazi akaja na oda. Gauni kumi na nane. Wajukuu wote wa kike wa familia moja, mdogo mwaka mmoja, mkubwa miaka saba, kitambaa kimoja, kitenge cha bluu chenye maua madogo. Shangazi mwenyewe mgongo ulikuwa umemkaza, akanisukumia. Nikapiga hesabu palepale kwenye ukingo wa daftari la Saikolojia ya Elimu: 13,000 mara 18 ni 234,000. Kitambaa yadi 23 kwa 4,000 ni 92,000. Uzi, vifungo, lastiki, 14,000. Bodaboda 6,000. Shangazi 20,000. Nabaki na 102,000. Nilikuwa nadaiwa ada 90,000, na bila kumaliza hiyo hakuna kuingia chumba cha mtihani. Mnajua nilivyojibu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kusema. Akanipa 100,000 ya kuanzia.

Kitenge nilinunua mjini. Na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo kwa sababu mimi ni mtu wa Historia na siwezi kujizuia.

Muuzaji alipokuwa anapima kwa ile rula yake ya chuma ya yadi, nilikumbuka kitu nilichosoma wiki ileile. Sisi tunaokaa hapa tunajua habari ya misafara kwa kuambiwa tu: Kazeh, Unyanyembe, pembe, watumwa, Kwihara alikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Burton na Speke waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857. Lakini kitu ambacho hatuambiwi sana ni kwamba njia nzima ile, kutoka Bagamoyo mpaka hapa na kuendelea Ujiji, ilikuwa inakwenda kwa kitambaa. Kitambaa ndicho kilikuwa pesa. Chakula unanunua kwa kitambaa, hongo ya mtemi unatoa kitambaa, pagazi unamlipa kitambaa. Na kipimo chenyewe kilikuwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka. Mikono minane ni doti, kama yadi nne. Stanley anaandika kwenye kitabu chake cha 1872 kwamba aliambiwa watu mia moja watahitaji doti 10 kwa siku, yadi 40, kwa ajili ya kununulia chakula peke yake. Yadi arobaini kila siku! Mimi na yadi zangu 23 nisingewalisha watu hao hata mpaka magharibi.

Na kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani kweli, pamba isiyopaushwa ya viwanda vya Massachusetts, ikipakiwa bandari ya Salem mpaka Unguja. Walipopigana wenyewe kwa wenyewe huko kwao mwaka 1861 mpaka 1865, merikani ikaadimika huku, vitambaa vya India na Uingereza vikachukua nafasi. Pagazi wa Kinyamwezi mwenye mzigo wa ratili sitini, sabini, karibu kilo thelathini, ujira wake ulitegemea vita asivyojua ni vya nani. Kitambaa chenyewe hakipo tena kwenye mizigo ya kichwani, ila jina lipo. Nenda duka lolote la vitambaa leo, sema unataka marekani, utapewa ile pamba nyeupe yenye rangi ya maziwa. Mafundi wanaweka ndani ya nguo. Wengine wananunulia sanda. Hilo la sanda lishikeni, nitalirudia.

Tuendelee. Siku mbili za mwanzo nikashona tano kwa shangazi. Siku ya tatu cherehani ya mkono ikagoma, uzi wa chini haupandi. Tukafungua, tukapuliza, tukatia mafuta, shangazi akaitukana kidogo na tulikuwa tumefunga, wapi. Fundi wa cherehani kasafiri, anarudi baada ya sikukuu. Nikabaki na vipande vya gauni kumi na tatu vimekatwa tayari, na pesa ya watu nimeshaila nusu.

Cherehani nyingine niliyoijua ni moja.

Baba Ramadhani yote anakwenda tarawehe. Mtoto wa kaka anamshika mkono, wanatoka baada ya futari, wanarudi kama saa tatu na nusu usiku. Mama yeye anakwenda upande wa wanawake. Kwa hiyo nyumba inabaki tupu kama saa mbili hivi. Mmeshaelewa. Usiku wa kwanza niliifunua ile khanga moyo unanidunda kama nafungua jeneza. Imejaa vumbi lakini inazunguka. Nikashona gauni tatu. Niliposikia fimbo ya baba kwenye changarawe nikafunika, nikafagia vipande vya uzi kwa mkono, nikakaa na kitabu. Kitabu kilikuwa juu chini, lakini nani wa kukiona? Nilijicheka, kisha nikajisikia vibaya kwa kucheka.

Usiku wa pili tatu nyingine. Jumla kumi na moja. Zimebaki saba, na mzigo unatakiwa kesho yake jioni.

Usiku wa tatu nilikuwa nimezama. Nakanyaga, mguu umeshapata mwendo, naona kabisa zitaisha. Sikusikia fimbo. Nikasikia sauti ya baba kutoka uani, nje ya dirisha, taratibu kabisa.

"Mkanda umelegea."

Nikaacha kukanyaga. Gurudumu likaendelea lenyewe mara mbili tatu, kisha kimya.

"Unasikia unavyoteleza? Umelegea. Utakula uzi."

Sikujua kwamba siku ile alikuwa anaumwa goti, ameswali rakaa nane tu akarudi. Akaingia, akasimama pale mlangoni. Nilitegemea aulize tangu lini. Nilikuwa nimeshatayarisha uongo wa aina tatu. Hakuuliza. Alinyoosha mkono akasema, "Lete hapa nishike."

Nikampa gauni moja, lile la juu kabisa, lililokwisha. Baba aliketi kitandani, akaligeuza ndani nje bila kuuliza upi ni upi. Akapitisha kidole gumba kwenye mishono, pembeni, kwenye kwapa, kwenye marinda ya kiuno. Akasema umevuta uzi hapa. Akasema marinda hayakulingana lakini mtoto hatahesabu. Kisha akafika shingoni, akaingiza ngumi. Akatulia.

"La mtoto wa umri gani?"

"Miaka mitatu, baba."

"Kichwa hakipiti."

Nikasema linapita, baba. Akasema, "Chukua mtoto wa kaka yako." Kale katoto kana miaka minne, kembamba. Tukakavisha gauni la mtoto wa miaka mitano. Likafika kwenye masikio, likakwama, kakaanza kulia humo ndani.

Wadau, hili mnaodhani kushona ni mistari tu mlisikilize. Mtoto mdogo shingo yake ni nyembamba lakini kichwa chake ni kikubwa, ukilinganisha na mwili ni kikubwa kupita cha mtu mzima. Ukikata shingo ya gauni ikae vizuri shingoni, lazima uache nafasi ya kufungua, nyuma au begani. Shangazi alikuwa ananiachia zipu kila gauni. Safari hii mimi kwa kubana matumizi nikaondoa zipu, nikasema shingo nitaiweka wazi kidogo. Nikaipima kwa jicho. Na kwa kuwa kiolezo kilikuwa kimoja, nilikuwa nimekosea gauni kumi na nane kwa mkasi mmoja.

Nilikaa chini sakafuni. Nawaambia ukweli, nilitaka kulia. Haikuwa ile elfu tisini. Ni kwamba aliyegundua ni yeye, na kwa mkono.

Baba akauliza mzigo ni wa lini. Kesho jioni. Akauliza zimebaki ngapi. Saba hazijaunganishwa, kumi na moja za kurekebisha. Akafikiri kidogo, akasema tutapasua nyuma kila moja, shubiri moja tu, tuuzungushie utepe uliokatwa mshazari ili uvutike, tuweke kitanzi na kifungo kimoja. "Kitambaa kimebaki?" Nikasema vipande vya kiganja tu. Akaniambia mvute lile sanduku chini ya kitanda.

Nililijua lile sanduku. Sote nyumbani tunalijua, hatuligusi. Ndani mna Msahafu wa babu, cheti cha ndoa, na marekani iliyokunjwa, baba aliinunua mwenyewe mwaka alioacha kuona, akaiweka kwa ajili ya siku yake.

Nikasema, baba, hapana.

"Leta mkasi."

"Baba, hii ni sanda."

"Itabaki ya kutosha. Mimi si mnene." Kisha akaanza kuikunjua juu ya magoti, akatafuta ukingo. "Na hawa watoto Idi yao ni keshokutwa."

Akaikunja pembe kwa pembe, akaibana kwa vidole, akakata. Sijawahi kuona mstari umenyooka vile na mtu anayeona. Alikuwa anauongoza mkasi kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kikitangulia mbele ya makali, nami roho juu. Mara moja tu alikosea, akapasua mgongo wa gauni moja mpaka karibu na kiuno, akasema neno ambalo si la Ramadhani. Lile tukaliweka utepe mrefu mpaka chini na vifungo vinne, ndilo lililokuja kuwa zuri kuliko yote.

Mama aliporudi msikitini alisimama mlangoni akatutazama, hakusema kitu, akaenda kukoka jiko la pasi. Tulikaza mkanda kwanza. Kisha yeye akikata na kupima, mimi nakanyaga, mama anapiga pasi na kushona vifungo. Tulikula daku juu ya vipande vya kitenge. Alfajiri tulikuwa tumebakisha nne. Saa kumi jioni nilipanda bodaboda na gauni kumi na nane za bluu zenye ukanda wa rangi ya maziwa mgongoni, na yule mama akazikagua moja moja, akasema, "Mbona hukuniambia utaweka urembo?" Akalipa yote. Ada nililipa siku ya pili baada ya Idi.

Asubuhi ya Idi watoto wa mtaani walipita nyumba kwa nyumba kama kawaida yao kutoa mkono wa Idi na kudai vijisenti. Baba alikuwa barazani na sarafu zake mfukoni. Wakaja watatu wa ile familia, wamevaa. Aliposikia sauti zao akamwita mmoja karibu, akampa mia mbili, kisha akampitisha mkono nyuma ya shingo, polepole, mpaka akakuta kitanzi na kifungo. Akavuta kidogo kuona kama kimeshika. Yule mtoto akaona labda anaombewa dua, akainamisha kichwa.

Kuhusu mimi na cherehani, mpaka leo hajasema nimeruhusiwa. Wala hajasema nimekatazwa. Khanga imerudi pale juu, na mimi naifunua kila Jumamosi. Kila nguo ikiisha anasema lete hapa nishike. Ameshanifumulisha mara nyingi kuliko nilivyofumuliwa na walimu wote wa chuo pamoja. Tuliwahi kugombana siku moja kweli kweli, kwa sababu nilimwambia labda nikimaliza shahada nifungue duka kwanza nikisubiri ajira. Akanyamaza siku nzima. Usiku akasema ajira ya ualimu utaisubiri ukiwa unafundisha, hata bure, si ukiwa umekaa barazani. Sikubaliani naye. Ninyi mnajua foleni ya ajira ilivyo, wenzetu waliomaliza miaka ya nyuma bado wako nayo. Lakini sikumjibu, na sijui nitamjibu nini.

Wateja wa sasa wanataka "ile yenye marekani mgongoni". Wanadhani ni fasheni niliyoibuni. Siwaelezi.

Mwezi wa nane nilikuwa TP, kidato cha pili, na nikaangukia kipindi cha biashara ya masafa marefu. Nilikwenda na yadi nne za marekani mpya darasani. Nikawaita wanafunzi wapime kwa mikono yao, kiwiko mpaka kidole, waniambie ni mikono mingapi. Mmoja akapata nane. Mwingine, kijana mrefu wa viti vya nyuma, akapata saba tu na kipande. Kasichana kafupi kakapata tisa na zaidi. Darasa likawaka moto. Wakaanza kuulizana, sasa ukiwa pagazi unalipwa doti, mkono unaopimia ni wa nani? Wa tajiri au wa kwako? Kipindi kiliisha wanabishana, nami sikuandika ubaoni hata robo ya niliyopanga. Msimamizi wangu alinikata alama za maandalizi. Haki yake.

Ile marekani ya darasani ilikuwa imenunuliwa kwa kazi nyingine. Jioni nikarudi nayo nyumbani, nimeipiga pasi, nikamwambia baba nimekuja kurudisha deni. Alijua mara moja. Hakusema asante wala nini. Akaikunjua kwenye magoti, akaanza kupima, kiwiko, kidole, kiwiko, kidole, midomo inahesabu. Alipofika mwisho akabaki ameshika ukingo.

"Umenunua yadi ngapi?"

"Nne, baba."

"Wamekupunja kidogo," akasema, akaikunja. "Si sana."

Nikavuta sanduku.

Haya, ngoja nikalale, Alhamisi kuna jaribio la Mitaala na sijafungua hata notisi. Oda za Krismasi mwisho tarehe 10 Desemba, na tafadhali mje na mtoto mwenyewe, msije na umri wake tu. Nataka kupima kichwa.